Slaidi moja, namba mbili: PD-L1 kwenye saratani ya tumbo

Maabara zinazotutumia slaidi tuzisome kwa programu ya kompyuta zinatuuliza sana hili swali, madaktari wetu wawili wa patholojia wamesoma slaidi ileile ya saratani ya tumbo, mmoja kaandika 4 mwingine kaandika 6, sasa nani kakosea? Mara nyingi hakuna aliyezembea. Hesabu yenyewe ndo ngumu.

Namba hiyo inaitwa CPS, inaonyesha saratani ina PD-L1 kiasi gani, yaani protini inayoisaidia saratani kujificha kinga ya mwili isiishambulie. Unachukua seli zote zilizoshika rangi ya PD-L1, yaani za saratani pamoja na limfosaiti na makrofaji ambazo ni seli za kinga, unagawanya kwa idadi ya seli hai za saratani, unazidisha kwa 100, na ikizidi 100 inaandikwa 100 hiyohiyo. Kwenye karatasi rahisi. Sasa ifanye kwa jicho kwenye darubini, seli zimebanana, zingine rangi imezigusa upande mmoja tu tena kwa mbali. Eneo lina seli za saratani 200, zilizoshika rangi zikiwa 8 unapata 4, zikiwa 12 unapata 6, tofauti ni seli 4 tu! Na hapo katikati ndo ipo 5, ambayo utafiti wa CheckMate 649 wa mwaka 2021 uliitumia, wagonjwa wa CPS 5 na kuendelea ndo walikuwa kundi kuu la kupima faida ya kuongeza nivolumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, kwenye kemo. Seli 4 zinaweza kubadilisha mazungumzo ya mgonjwa na daktari wake, ndo maana hili jambo tunalichukulia kwa uzito.

Sisi tunaskani slaidi nzima, programu inatafuta seli mojamoja, inaamua hii ya saratani, hii ya kinga, hii imeshika rangi, hii haijashika. Inahesabu maelfu kwa maelfu bila kuchoka na faili lilelile ukilirudia kesho namba haibadiliki.

Lakini kutobadilika siyo kuwa sahihi, hapa tunaomba mtuelewe vizuri. Kuna saratani ya tumbo ambayo seli zake hazikai kwenye makundi, zinatawanyika mojamoja kati ya seli za kinga, nyingi zina umbo la pete, na programu ikiiona moja inaweza kudhani ni makrofaji. Ikikosea hivyo kigawanyo kinapungua na CPS inapanda bila sababu. Seli za plazma, aina nyingine ya seli za kinga, nazo hazitakiwi kuhesabiwa, sehemu zilizokufa pia, ila rangi zinashika. Kwa hiyo daktari anachora mwenyewe mpaka wa uvimbe, halafu anakagua picha tuliyoweka alama kila seli, akiona kosa anarekebisha ndo namba inatoka. Namba tupu bila hiyo picha hatutumi kwa mtu.

Na mkitaka kipimo cha HER2, protini nyingine inayopimwa kwenye saratani, tuambieni kabisa kwamba ni ya tumbo, maana programu iliyofundishwa kwa saratani ya matiti inatafuta rangi iliyozunguka seli nzima, wakati kwenye tumbo rangi mara nyingi inashika pembeni na chini tu kama herufi U na bado inahesabika.

Kabla ya kutuma hakikisheni tishu imekaa kwenye fomalini kati ya saa 6 na 72, na kipande kina seli hai za saratani zisizopungua 100. Tuwekeeni na slaidi ya H&E (ile ya rangi ya kawaida inayoonyesha umbo la seli) ya bloku hiyohiyo ya tishu, bila hiyo daktari anachora mpaka kwa kubahatisha.