James Earl Jones hakuwa Mufasa peke yake

Mhariri,

Kila mwigizaji wa Marekani James Earl Jones anapotajwa redioni au kwenye kurasa za burudani, hutambulishwa kwa jambo moja: sauti ya Mufasa, simba mfalme wa katuni ya The Lion King. Naelewa. Simba, Rafiki na Sarabi ni maneno yetu, na filamu ile ya 1994 tuliipokea kama ya nyumbani. Lakini mzee huyu aliyefariki Septemba 9, 2024, akiwa na miaka 93, alikuwa kwanza mtu wa jukwaani, na sauti ile ililelewa huko.

Alizaliwa Mississippi mwaka 1931, akakulia Michigan kwa babu na bibi yake wakulima. Kigugumizi kilimbana hata akaishi kama bubu kwa miaka takriban minane. Mwalimu wake, Donald Crouch, alipogundua kuwa anaandika mashairi, alimtaka aghani moja mbele ya darasa bila karatasi. Alilighani lote pasipo kukwama. Wenye kigugumizi wengi hukwama mwanzo wa neno, pumzi inapozibwa. Mizani ya shairi huonyesha pa kupumua na pa kuanzia. Msikilizeni hata uzeeni: neno moja moja, kila konsonanti imekamilika.

Vijana wetu wanaotia sauti kwenye matangazo humwiga vibaya. Husukuma sauti chini kooni. Koo likibanwa, sauti hukwaruza, miisho ya maneno humezwa, na haupiti muda imekauka kabisa. Uzito ule hutoka kwenye pumzi inayoshikiliwa na misuli ya mbavu na tumbo, koo likiwa limelegea. Bila hivyo hakuna anayeweza kucheza Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, maonyesho manane kwa wiki, na Jones aliyacheza kwa miongo kadhaa. Mwaka 1969 alipata Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, kwa nafasi ya bondia mweusi katika The Great White Hope, na filamu ya tamthilia hiyo ya 1970 ikamfikisha kwenye uteuzi wa Oscar. Mwaka 1987 akapata Tony ya pili kwa tamthilia ya Fences, akiwa Troy Maxson, mzoa taka wa Pittsburgh aliyewahi kuwa hodari wa besiboli na sasa anamkandamiza mwanawe. Othello na King Lear za Shakespeare alizicheza pia. Mtu anayeweza kuwa mfalme aliyerukwa na akili, kisha mzoa taka anayegombana na mwanawe uani, hatoshi kuitwa sauti nzuri.

Jambo jingine linalokosewa sana ni Darth Vader, yule adui mwenye barakoa nyeusi katika filamu ya Star Wars. Mwili ulikuwa wa David Prowse. Jones alitia maneno tu, kwa saa chache studioni na malipo ya dola 7,000, na filamu ilipotoka 1977 jina lake halikuandikwa. Zile pumzi nzito zinazotisha si zake: fundi wa sauti Ben Burtt aliweka maikrofoni ndani ya kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi, akarekodi pumzi zake mwenyewe. Jones aliagizwa apunguze hisia, sauti isipande wala kushuka sana. Kwa aliyezoea kuijaza kumbi hadi kiti cha mwisho, kujizuia hivyo ni kazi ngumu kuliko kunguruma.

Na kwa wanaompenda Mufasa: Sarabi alitiwa sauti na Madge Sinclair wa Jamaika, yule yule aliyekuwa malkia wake katika Coming to America mwaka 1988. Mwaka 1991 wote wawili walipata Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, kwa tamthilia moja ya televisheni, Gabriel's Fire.

Septemba ikija tena, Mhariri, tunaomba picha ya jukwaani badala ya ile ya katuni. Ipo ya mwaka 2015, katika tamthilia ya The Gin Game: yeye ana miaka 84, Cicely Tyson ana 90, wamekaa mezani wakicheza karata, na katika mchezo mzima hakuna mwigizaji wa tatu.

Mpenzi wa tamthilia,
Dar es Salaam