Risala ya klabu yetu ya sayansi kwa mgeni rasmi, mtafiti wa magonjwa ya kale

Mheshimiwa mgeni rasmi Dokta, mkuu wa shule, madam mlezi wa klabu, walimu, wazazi wetu, shikamooni. Na nyie wenzangu wa huko nyuma, mambo.

Kwanza karibu sana Dokta, barabara ya kuja huku kila mtu anaijua ilivyo hasa mvua zikishanyesha, kwa hiyo kufika kwako tu tumeshashukuru. Klabu ilianza mwaka juzi na watu wachache wa fom tuu, saivi mpaka wa arts wamo, maana hii kazi yako ya kusoma ugonjwa kwenye mifupa ya watu waliokufa kabla hata maandishi hayajakuwepo imetuvuta wote.

Tulianza na mtoto wa Olduvai. Mwaka 2012 timu ya Manuel Domínguez-Rodrigo, wakiwemo na Watanzania kina Audax Mabulla na Charles Musiba, ilitangaza vipande vya fuvu la mtoto wa kama miaka miwili, aliishi miaka milioni 1.5 iliyopita, na huo mfupa una vitundu vitundu kama ndani ya kitumbua. Madam akatuelewesha kwamba damu ikipungua sana uboho unahangaika kutengeneza nyingine, na kwa mtoto mdogo uboho uko mpaka kwenye mifupa ya kichwa, sasa ukitanuka unasukuma, mfupa wa juu unakuwa mwembamba na vitundu vinatokea. Timu ikasema huenda alikosa vitamini B12, yaani nyama, au mama yake ndo alikosa wakati ananyonyesha. Kumbe watu wale walishazoea nyama kiasi kwamba wakiikosa wanaumwa! Sisi wa maharage jumatatu mpaka ijumaa tulicheka sana.

Ugomvi ulikuja kwa yule wa Kenya. Mwaka 1973 Kamoya Kimeu, ambaye alianza kama kibarua wa kuchimba kwa kina Leakey, ile familia ya watafiti wa mifupa ya kale, aliokota huko Koobi Fora mifupa ya mtu mzima anayedhaniwa ni mwanamke, wa zaidi ya miaka milioni 1.5, na mifupa yake mirefu imefunikwa tabaka nene la mfupa uliojiotea ovyo. Mwaka 1982 Alan Walker na wenzake wakasema ni vitamini A iliyozidi, pengine alikula maini ya wanyama wala nyama. Wengine baadae wakasema hapana, ile ni buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi unaoingia mpaka kwenye mifupa. Basi klabu ikagawanyika, timu maini na timu buba, ikafika mahali watu hawapeani chumvi mezani. Mimi ni timu buba na sijahama, nitakuuliza baada ya chakula. Ila wote tulikubaliana na Walker kwenye kitu kimoja, tabaka kama lile halioti kwa siku mbili, linataka wiki nyingi, na mtu mwenye maumivu yale hawezi kujichotea maji wala kukimbia fisi, kwa hiyo kuna mtu alikuwa anakaa nae.

Hilo la mfupa kuota tulilihakikisha wenyewe. Mwenye bucha hapo sentani alitupa mguu wa mbuzi aliyewahi kuvunjika, tukauchemsha, tukaona pale ulipounga pamevimba na pana kifundo kigumu. Mbuzi aliyekufa siku ileile ya kuvunjika asingekuwa nacho. Ndo tukaelewa kitu kinachochanganya kuliko vyote kwenye kazi yako, kwamba malaria kali au kuhara kunakoua haraka hakuachi alama kwenye mfupa, wakati kifua kikuu, ukoma na buba vinaacha kwa sababu mgonjwa aliishi navyo muda mrefu. Kwa hiyo fuvu safi lisilo na alama linaweza kuwa la yule aliyekuwa dhaifu zaidi, akafa kabla mfupa haujaota kitu. Hapa hata mwalimu wa bailojia alikaa kimya kwanza.

Changamoto zipo Dokta. Hatuna hata nakala moja ya fuvu, tunasomea picha kwenye simu ya madam, tuliandika barua mahali kuomba tukaambiwa tusubiri na tunasubiri. Alafu kuna wazazi, wengine wapo hapa na tunawaheshimu, wanaona kushika mifupa ya watu ni ushirikina, tunaomba kwenye hotuba yako uwaambie wewe maana sisi hawatusikii.

Tunaomba nakala za plasta, hata ya lile fuvu la mtoto tu inatosha. Tunaomba utusemee tupate basi la kwenda makumbusho ya Olduvai, chakula tutabeba. Na utuambie ukweli, anayetaka kufuata njia yako achukue PCB (fizikia, kemia, bailojia) au CBG (kemia, bailojia, jiografia), maana kila mwalimu anavutia kwake.

Zawadi yetu ni ule mguu wa mbuzi, tumeuosha vizuri na tumeuandikia lebo.

Naomba kuwasilisha.