Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ufuo wa umma na njia za kuufikia

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya kamati mwaka huu imekuwa njia za kushukia ufuoni, na karibu taarifa yote nitaitumia kwa hilo. Hesabu ziko kwa mweka hazina na ripoti ya usafi iko kwa katibu. Zisomeni kabla ya mkutano.

Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Serikali ya kitaifa inaishika kwa amana kwa niaba ya watu wa Kenya, na msimamizi wake ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hiyo mama anayekwenda mwambani kutafuta pweza na mtoto anayeogelea mbele ya hoteli hawahitaji ruhusa ya mwenye ploti. Tatizo ni kufika. Haki ya ufuo haimpi mtu haki ya kukatiza ndani ya ploti ya mwenzake, na sehemu kubwa ya pwani yetu imezibwa na ploti zilizoshikana kuta kwa kuta.

Wengi wetu hukimbilia kutaja mita 60. Kanuni za upimaji za 1994 zinasema kwamba ardhi ya serikali isiyogawiwa inapopimwa ufuoni, kwa kawaida ibakizwe akiba isiyopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Maneno hayo yanahusu ardhi iliyokuwa ya serikali, tena yanampa waziri nafasi ya kupunguza. Ploti nyingi za ukanda wa pwani wa maili kumi zilithibitishwa kuwa za watu binafsi chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908, na mpaka wake unaweza kushuka hadi alama ya maji yenyewe. Ukimwendea mwenye ploti ya aina hiyo na hoja ya mita 60, umeshindwa kabla hujakaa. Ndiyo maana kamati inataka kila tawi lianze na ramani.

Nunueni ramani ya usajili ya eneo lenu kwenye ofisi ya upimaji, kisha tafuteni mambo matatu: barabara ya kufikia bahari, akiba ya ufuo, na ploti zilizotengwa kwa matumizi ya umma. Fanyeni upekuzi wa hatimiliki ya kila ploti inayopakana na njia mnayoidai. Mkizungushwa, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi linaruhusiwa kuwa kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila muhuri huo hesabu ya siku haina pa kuanzia.

Tahadhari moja kuhusu simu. Ramani nyingi za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, na simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazisoma kwa mwingine, alama inaruka karibu mita 300. Madai mazuri huharibika hivi: njia inaonekana imo ndani ya ploti ya jirani kumbe haimo. Mwachieni mpima ardhi mwenye leseni ageuze namba, naye apime kutoka kwenye mawe ya mpaka.

Alama ya maji nayo haisomwi kwa macho siku yoyote. Maji mafu, ya siku ambazo bahari hujaa kidogo, hayafiki mbali, na mstari wa mwani mkavu baada ya upepo mkali wa Kusi huonyesha mawimbi yaliporuka, si kimo cha maji. Pimeni siku za bamvua, yaani maji makuu, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, bahari ikiwa tulivu, na mlinganishe na jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Pigeni picha kutoka nukta ileile, tarehe na saa zikionekana.

Njia ikiwa kwenye ramani na imezibwa, tuna hukumu ya kusimamia. Mwaka 2017 Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta Nyali ili kufungua njia ya baharini, na mwenye ploti, Dina Management, akashtaki. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ploti hiyo ilitoka katika eneo la wazi la umma na haikugawiwa kwa utaratibu, hivyo mnunuzi wa baadaye hakuweza kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Pia ibara ya 70 ya Katiba haimtaki anayetetea mazingira athibitishe kwamba amepata hasara.

Njia isipokuwepo kwenye ramani, kazi ni ndefu zaidi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu chama kuomba haki ya njia ya jamii, lakini mwenye ardhi hulipwa fidia. Ulizeni mapema nani atailipa. Miaka ya matumizi bila hati ni ushahidi mzuri, ila mlango huanza kufungwa kidogokidogo: mlinzi anayeuliza unakwenda wapi, kisha geti lenye saa za kufunguliwa, kisha kufuli. Andikeni malalamiko siku ya mlinzi.

Kuta za kuzuia mawimbi zinanitia wasiwasi kuliko mageti. Wimbi likigonga ukuta wima hurudi na nguvu yake, huchimba mchanga wa mbele na kula ufuo wa jirani kwenye kona. Baada ya misimu michache maji yakijaa hakuna pa kupita, ingawa kwenye karatasi ufuo bado ni wetu. Kasa naye hukosa mchanga mkavu wa kutagia. Tangazo la tathmini ya athari za mazingira za ukuta kama huo likitoka, kwa kawaida umma una siku 30 za kutoa maoni. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikishaamua, rufaa ina siku 60.

Pale ambapo tumekubaliwa kujenga, ngazi ishikizwe kwenye mwamba, kwa sababu ikikaa juu ya mchanga bamvua litaufukua mguu wake. Tumieni mchanga wa mto na maji baridi, kamwe msichote mchanga wa ufuoni: chumvi yake huozesha nondo kutoka ndani. Nondo zifunikwe na zege la milimita 75. Mteremko wa kiti cha magurudumu hutaka mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kimo, kwa hiyo mahali pembamba pangeni kona za kupinda. Upana usipungue mita tatu, mkokoteni wa samaki upishane na watu. Maandishi ya kibao yachongwe kwenye zege. Rangi haimalizi misimu miwili ya jua letu.

Kila tawi lilete kwa katibu ramani yake, matokeo ya upekuzi na picha za bamvua la Machi. Tawi ambalo halijapata ramani lilete barua ya ombi yenye muhuri.