Leza si moto tu: tuueleze utafiti huu kwa usahihi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utafiti wa kubadilisha tabia za vitu kwa leza, yaani mwale mwembamba wa mwanga mkali; utafiti ambao magazeti yetu huugusa kwa nadra, na yanapougusa huueleza kana kwamba leza ni moto wa aina nyingine: kitu kimemulikwa, kikapata joto, kikabadilika. Maelezo hayo yanaficha jambo lenyewe.

Chukua jaribio lililochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Taasisi ya Jožef Stefan, mjini Ljubljana, Slovenia. Walitumia fuwele (kitu kigumu ambacho atomi zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia) ya metali ya tantalumu na salfa iliyopozwa kwa baridi kali mno. Katika baridi hiyo atomi za tantalumu hujikusanya katika makundi ya atomi 13 yenye umbo la nyota, na elektroni moja hunaswa katikati ya kila kundi, hivyo umeme haupiti kwa urahisi. Fuwele ilipopigwa mmweko mmoja wa leza wa femtosekunde 35, elektroni zilijipanga upya, umeme ukaanza kupita, na hali hiyo ikadumu hata baada ya mwanga kutoweka. (Femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, kisha kila kipande kikagawanywa tena mara milioni moja.)

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Ukiipasha fuwele hiyo joto polepole na kuipoza tena, hali hiyo mpya huipati. Na ikiwa tayari imo katika hali hiyo, kuipasha joto huirejesha ilikokuwa. Joto ndilo linaloifuta, basi haliwezi kusemwa kuwa ndilo lililoileta. Mmweko ule ni mfupi kiasi kwamba elektroni husukumwa kabla atomi, ambazo ni nzito kuliko elektroni kwa makumi ya maelfu ya mara au zaidi, hazijapata wasaa wa kusogea. Kwa kuwa hali zote mbili hudumu na zinabadilishika, wataalamu wa kumbukumbu za kompyuta wana sababu nzuri ya kuifuatilia fuwele hii.

Tahadhari nayo inahitajika. Mwaka 2016 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliripoti dalili za upitishaji umeme usio na ukinzani katika kampaundi ya potasiamu na kaboni iliyomulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, katika halijoto iliyo juu sana ya kikomo chake cha kawaida. Dalili hizo zilidumu kitambo kidogo mno, na wapo wanafizikia wanaozitafsiri vinginevyo. Si haki kumwandikia msomaji kwamba tatizo la umeme unaopotea njiani limetatuliwa.

Tantalumu hupatikana katika madini ya koltani, ambayo sehemu kubwa yake huchimbwa Kongo na Rwanda, na ambayo kurasa zetu huitaja panapotokea vita au bei inapopanda. Nakuomba, Mhariri, ukurasa wa sayansi umwalike mwanafizikia wa mojawapo ya vyuo vikuu vyetu aeleze, kwa Kiswahili na kwa michoro, kinachotokea ndani ya fuwele hiyo.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro