Gemu za Konami hazipimwi kwa ukali wa picha

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na timu nzima ya gazeti. Nimesoma ile makala yenu ya gemu bora za Konami, ile kampuni ya Kijapani, nikashindwa kunyamaza, maana aliyeandika amezipanga kwa ukali wa picha tu, mpya juu za zamani chini, kama mtu anayechagua TV dukani. Hivi kweli Contra haimo? Castlevania: Symphony of the Night ya 1997, ambayo ukishamaliza ngome nzima unaletewa ngome ileile imepinduliwa kichwa chini miguu juu unaanza upya, nayo haimo? Halafu eFootball, gemu yao ya mpira ya siku hizi, ndo iko namba moja! Jamani.

Mi naona ni kinyume chake kabisa. Hawa jamaa walianzia Osaka mwaka 1969 na biashara ya kukodisha na kutengeneza mashine za muziki zile za kutumbukiza sarafu, gemu zikaja baadae, na miaka yao mizuri ni ile mashine ilikuwa haina nguvu wakalazimika kutafuta ujanja. Mashine zilipopata nguvu ujanja nao ukaanza kupotea.

Chukua Contra, gemu ya kukimbia na kupiga risasi. Ilitoka 1987 kwenye yale mashine makubwa ya kumbi za michezo, 1988 ikaja kwenye Nintendo, ila huku kwetu wengi hiyo Nintendo yenyewe hatukuwahi kuigusa, tuliicheza kwenye TV gemu za Kichina zile za kaseti, imeandikwa gemu elfu na ushee kumbe zilizomo hazifiki hata ishirini zinajirudiarudia. Risasi moja tu umekufa, roho tatu basi. Na kama mnacheza wawili mkafika kwenye maporomoko, mwenzako akiwa na haraka ya kupanda basi skrini inapanda nae, we uliyebaki chini unakufa bila hata kupigwa. Urafiki ngapi zimevunjika pale sijui.

Na ile kodi ya siri ya kubonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, inayokupa roho 30, ina kisa chake. Aliyeitunga ni Kazuhisa Hashimoto, alikuwa anaihamishia Gradius, gemu ya vyombo vya angani, kwenye Nintendo mwaka 1986, gemu ikawa ngumu mno hata yeye mwenyewe haimalizi, akajiwekea njia ya panya ili aweze kuijaribu, gemu ikatoka kodi ikiwa bado imo ndani. Hashimoto amefariki 2020 na mpaka leo kuna watu hawajawahi kuicheza hiyo Gradius lakini kodi wanaijua kwa kichwa.

Halafu Metal Gear Solid ya 1998. Mwandishi wenu kaitaja kwa mstari mmoja, eti "gemu ya kijeshi". Mkuu, kuna adui mle anaitwa Psycho Mantis, anasema anasoma mawazo yako, kumbe anachungulia memori kadi, akikuta umesevu Castlevania anakwambia Castlevania unaipenda eeh. Anakwambia uweke pedi sakafuni ataisogeza kwa nguvu za akili, inatetemeka kweli inasogea. Ukianza kupigana nae humpati, kila unachobonyeza anakijua, mpaka uchomoe pedi ukaichomeke tundu la pili. Huo ulikuwa ujanja wa Hideo Kojima, aliyeibuni gemu hiyo, kwenye PlayStation ya kwanza, na hapo tatizo letu la diski za kuchoma likaonekana: kuna mahali unatakiwa umpigie Meryl, mhusika mwingine wa gemu, kwenye redio, namba yake imechapwa nyuma ya kava la CD, 140.15, na sisi diski zilikuwa zinakuja kwenye mfuko wa nailoni. Mtu unatembeza namba moja moja mpaka apokee.

Silent Hill ya 1999, gemu ya kutisha, ndo hiyohiyo. Ule ukungu uliojaa mji mzima uliwekwa kwasababu mashine ilikuwa haiwezi kuchora vitu vya mbali, basi wakaufanya ndo uoga wenyewe. Huoni kitu, unasikia tu redio inakwaruza unajua kuna dubwana karibu.

Sasa tuje kwenye mpira, maana najua hapa ndo nitapigwa mawe. Nayosema ni kwamba Winning Eleven na PES, gemu za mpira za Konami kabla ya eFootball, zilikuwa bora kuliko FIFA ya wapinzani wao zikiwa hazina hata majina halisi ya timu na wachezaji. Leseni zilikuwa hazipo, Liverpool inaitwa Merseyside Red, Chelsea inaitwa London FC, Roberto Carlos aliwahi kuwa Roberto Larcos, na banda zima la gemu lilikuwa halijali kwasababu mtu alikuwa anamtambua mchezaji kwa jinsi anavyokimbia. PES 6 ya 2006, Adriano wa Inter anaupata mpira mguu wa kushoto nje ya boksi, nguvu za shuti 99, hapo kipa aombe dua tu. Ilifika mahali kwenye banda la mtaani kwetu Inter ikapigwa marufuku, tena imeandikwa kwa chaki mlangoni, chini ya ile ya "anayefungwa anaachia pedi". Na Master League, ile sehemu ya kuendesha timu yako msimu hadi msimu, unaanza na kina Castolo na Minanda, watu ambao hawajawahi kuzaliwa popote duniani, misimu miwili mbele unamuuza Castolo roho inakuuma.

Raha ya zile gemu ilikuwa kwenye pasi. Ukibonyeza pembetatu mapema mshambuliaji hajaanza kukimbia, ukichelewa ameshaotea, kwahiyo mtoto wa darasa la tano aliyekaa na mchezo anamfunga baba mtu mzima aliyekuja na hela ya mechi kumi.

Alafu ndo ikaja eFootball tarehe 30 Septemba 2021, ya bure, picha za kisasa, nyuso za wachezaji zikatoka za ajabu mpaka mitandaoni ikawa kichekesho, kampuni yenyewe ikaomba radhi. Imerekebishwa sana toka hapo, sikatai, ila kuiweka juu ya PES 6 hapana. Kojima nae aliondoka 2015. Nitawapa sifa kwa Silent Hill 2 iliyotengenezwa upya 2024, nayo wamewapa Bloober Team wa Poland waifanye.

Ombi langu mhariri, mkiandika tena mumtume mwandishi akae banda la gemu jioni moja, za PS2 bado zipo, awaulize wanaocheza kwanini hawajahamia mpya. Na orodha muirudie, Contra iwemo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tandika, Dar es Salaam