Hamira imekubali

Mpendwa Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka Dar. Barua yako niliipata tangu mfungo, naomba uniwie radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa nahangaika na hamira, hii hii unayoumulia maandazi.

Hamira hula sukari, lakini wanga mtupu haiuwezi. Bakteria wa udongoni wanaoitwa Bacillus wanauweza: wanamwaga nje kimeng'enya, amilesi, kinachoukatakata wanga ukawa sukari. Basi nikachukua jeni ya amilesi, yaani maelekezo ya kuitengeneza, nikaipandikiza kwenye hamira.

Kazi ikawa kukitoa kimeng'enya nje. Nacho ni protini, na protini haitoki kwenye seli bila kipande cha mbele kinachoielekeza njia, mfano wa anwani kwenye bahasha. Anwani ya bakteria hamira haikuielewa, nikabandika ya kwake mwenyewe, ile inayotolea homoni ya kumwita mwenzi wakati wa kujamiiana. Ikishafika njiani hukatwa, kimeng'enya kikaendelea peke yake. Njia hiyo mwanasayansi Mmarekani Randy Schekman na wenzake waliifuatilia kituo kwa kituo ndani ya hamira tangu miaka ya 1970, na mwaka 2013 akapata Nobeli pamoja na wenzake wawili. Mimi kila nikiifikiria kazi ile nastaajabu upya.

Kimeng'enya kikatoka, lakini wanga hakikati! Miezi mitatu, shoga yangu. Kumbe hamira ina desturi ya kuzipachika protini zake minyororo ya sukari zinapopita ndani, na hiki cha bakteria hakikuumbwa kuibeba. Mnyororo mmoja ulining'inia karibu kabisa na pale kinapoukamata wanga. Nikabadilisha asidi amino moja tu, yaani kiungo kimoja cha kujengea protini, asparajini nikaweka glutamini, ili sukari ikose pa kushika.

Alhamisi jioni nikamimina iodini kwenye sahani ya wanga nilimoiotesha hamira. Ikawa nyeusi tii, ndivyo wanga unavyofanya. Halafu nikaona: kila kundi la hamira limezungukwa na duara safi, upana wa punje ya mchele, pale wanga ulipokwisha kuliwa. Nilikaa chini machozi yakanitoka. Bahati nilikuwa nimenakili makundi yale kwenye sahani nyingine, maana iodini inaua.

Sasa nataka kuijaribu na muhogo wa kweli humu maabara. Nikija Tanga mwezi ujao, niwekee makopa debe moja, yaliyokauka vizuri. Mama msalimie sana.

Wako,
Zuhura