Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ardhi: Tulilipia Hati, Tumeletewa X Nyekundu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama lishe, na nyumba yangu iko Chang'ombe, hapa hapa Dodoma.

Ningeendelea kusubiri hati ya kiwanja kama tulivyoambiwa, ila wiki iliyopita walipita vijana na kopo la rangi, nyumba yangu ikapigwa X nyekundu, alama ya kubomolewa. Nikauliza wametumwa na nani, nikajibiwa barabara inapita hapa. Barua hawana. Jioni ile ile mpangaji wa chumba cha mbele akaanza kufunga vitu. Simlaumu, nani alipe kodi ya miezi mitatu kwenye nyumba yenye X? Lakini kodi ile ndiyo ilikuwa sare na madaftari ya wanangu, maana biashara ya chakula siku hizi inarudisha mtaji tu, na kuna siku hata pesa ya mkaa hairudi.

Mheshimiwa, sisi si wavamizi. Kampuni ya upimaji ilikuja mtaani, ikaitisha mkutano, ikasema kila kiwanja laki na nusu na hati zitatoka. Nilitoa pesa ya kikoba. Risiti ninayo. Bikoni, yaani mawe ya mipaka, zikachimbiwa, moja iko pembeni ya choo changu mpaka leo. Baada ya hapo simu zao hazikupatikana tena. Wapo wanaosema ramani ilikwama kupitishwa, wapo wanaosema pesa ililiwa. Mimi nadhani yote mawili yamo.

CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi ya Dodoma, ilipovunjwa mwaka 2017 tuliahidiwa kwamba hati za miaka 33 basi, sasa ni 99, na kero ya ardhi Dodoma imekwisha. Mwaka uliofuata tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu hapa watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Hao walioongezeka wanalala wapi? Fundi anayejenga maofisi ya Serikali kule Mtumba, dada wa kazi, mlinzi wa usiku, wote wanapanga kwetu, kwa sababu kiwanja kilichopimwa hawakiwezi.

Kila tukisema hali ni ngumu tunaambiwa tukope. Benki niende na nini, risiti? Na nani atamwaga zege la choo kwenye nyumba asiyojua kama itaiona masika?

Barabara siikatai. Gari la wagonjwa halifiki kwetu. Mjamzito tunamsukuma kwenye bajaji makorongoni usiku. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na mimi naogopa nitaambiwa huna hati, huna chako.

Kama ni lazima barabara ipite, aje mthamini kwanza, tuandikwe, tulipwe, ndipo tuhame. Kampuni ile iitwe, ieleze pesa zetu ziko wapi, na kazi imaliziwe. Ninachoomba ni hati, Mheshimiwa. Hati tuliyokwisha kuilipia.

Mkazi wa Chang'ombe,
Dodoma